UZI: Ramayana ziko nyingi. Mhindu anaamini ipi, na msomaji ashike ipi?

Mtunza Hati:

Wakuu, salaam. Kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu ambayo wengi huihusisha na kurudi kwa Rama, ikikaribia mjadala wa Rama na Sita huzuka upya, na watu hupishana kwa jambo lilelile. Mmoja anasema Rama alimkataa mkewe mbele ya jeshi zima mpaka mama wa watu akaingia motoni. Mwingine anaapa kwamba Sita wa kweli hakuwahi kutekwa hata siku moja. Wote wawili wamesoma, tena wamesoma vizuri, ila hawakusoma kitabu kimoja.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na kisa hiki: Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, anabanwa na ahadi aliyompa mkewe Kaikeyi, na mwanawe mkubwa Rama anapelekwa msituni miaka 14. Anafuatana na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana. Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa 10, anamteka Sita. Rama anashirikiana na majeshi ya nyani, Hanuman akiwamo, wanajenga daraja baharini, Ravana anauawa, Rama anarudi kutawala. Matoleo karibu yote yanakubaliana hapo. Ugomvi uko kwenye nyama, na nyama ndiyo imani yenyewe.

Toleo la kale zaidi tulilonalo kamili ni la Valmiki, kwa Kisanskriti, ambalo kwa mapokeo lina beti 24,000 katika sehemu 7 ziitwazo kanda. Nalo peke yake lina matoleo ndani yake. Chapa ya kusini inayouzwa sana ina sura 645. Toleo la uhakiki lililoandaliwa Baroda, mji wa magharibi mwa India, likachapwa kati ya 1960 na 1975, lina sura 606. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Maneno makali ya Rama kwa Sita baada ya vita yako kwenye kanda ya sita, Yuddha: sura ya 115 katika chapa ya kawaida, sura ya 103 katika ile ya Baroda. Ukipewa namba 115 na kitabu chako ni cha Baroda, utamkuta Rama yuko njiani kuingia kwao, na utadhani aliyekuelekeza ni mwongo.

Sasa hoja yangu. Tofauti nyingi kubwa zinazotugombanisha zinatokana na swali moja: je, Rama anajua kwamba yeye ni Mungu?

Kwa Valmiki, katika sehemu kubwa ya kisa, hajui, na kuna sababu ndani ya hadithi yenyewe. Ravana alipewa kinga asiuawe na miungu wala mazimwi. Binadamu hakuwataja, aliwaona si kitu. Basi Vishnu, Mungu ambaye Rama ni umbo lake duniani, ili amuue ilibidi azaliwe binadamu kwelikweli. Ndiyo maana tukio la moto kwa Valmiki linaumiza. Rama anamwambia Sita kwamba vita vile alivipigana kwa heshima ya ukoo wake, hakuvipigana kwa ajili yake, na kwamba sasa aende atakako: kwa Lakshmana, kwa Bharata nduguye mwingine, kwa Sugriva mfalme wa nyani, hata kwa Vibhishana nduguye Ravana. Sita anamjibu kwa uchungu, kisha anamwagiza Lakshmana awashe kuni, naye anaingia motoni. Miungu inashuka, inamuuliza Rama inakuwaje anamtazama tu. Jibu lake: yeye anajijua ni binadamu, Rama mwana wa Dasharatha, basi wamwambie wao yeye ni nani. Brahma, mungu muumbaji, ndiye anayemfunulia.

Ukihama ukaenda kwa Tulsidas, aliyeanza kutunga Ramcharitmanas huko Ayodhya mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida wa kaskazini, Rama anajua kila kitu tangu mwanzo. Na Mungu anayejua yote mkewe hatekwi na zimwi. Kwa hiyo kabla Ravana hajafika, Rama anamwambia Sita akae ndani ya moto mpaka kazi ya kuangamiza mazimwi iishe, na nyuma anabaki Sita kivuli. Tulsidas anaongeza kwamba hata Lakshmana hakuijua siri hiyo. Baada ya vita, moto unakuwa mlango wa kumrudisha Sita wa kweli. Tukio ni lilelile, kuni zilezile, na maana imegeuka juu chini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachangiaji: kabla hujasema "Rama alifanya hivi", taja toleo. Karibuni.

Kaskazi77:

Mtunza Hati, shukrani. Ila niulize tunaloliuliza wengi tuliolelewa kwenye Uislamu au Ukristo: la kwanza ni lipi? Ukilipata la kwanza si umemaliza, mengine ni nyongeza za watu?

Mwalimu wa Beti:

Kaskazi77, swali lako ni halali, na wapo waliotumia miongo kulifanyia kazi. Nieleze walivyofanya, kwa sababu ukiijua kazi yenyewe utaona inafikia wapi.

Wahakiki wa Baroda walikusanya hati za mkono kutoka pande zote za India na Nepal. Hati ya Ramayana yenye tarehe ya kale zaidi inatoka Nepal, imeandikwa kwenye majani ya jamii ya mitende, mwaka 1020. Hati zinagawanyika makundi mawili makubwa, kaskazini na kusini. Kaskazini kuna vijikundi vya mashariki, kama Bengal, na vya magharibi, kama Kashmir, na kila kimoja kina tabia zake. Kusini hati zinafanana zaidi.

Kazi inakwenda hivi. Unachukua ubeti mmoja, unaupanga kwenye jedwali kama ulivyo katika kila hati, herufi kwa herufi. Ukikuta kaskazini na kusini zinakubaliana, ubeti unaingia kwenye matini kuu, kwa sababu makundi yaliyotengana siku nyingi si rahisi yakazua jambo moja kila moja kivyake. Ubeti uliopo kundi moja tu unashushwa chini ya ukurasa au kwenye kiambatisho. Wasipokubaliana kabisa, Baroda waliegemea zaidi kusini, kwa hoja kwamba kule lugha ilihifadhi maumbo ya zamani, huku waandishi wa kaskazini wakisahihisha sarufi.

Kinachopatikana mwishoni ni babu wa karibu zaidi wa hati zilizosalia. Wengi hukosea hapa wakadhani ni maneno yaliyotoka kinywani mwa Valmiki. Kisa kiliimbwa karne nyingi kabla ya hati ya 1020, na hicho kipindi hakuna jedwali linaloweza kukifikia. Na jambo zito kwa mada hii: matini ya Baroda haijawahi kusomwa hekaluni na kizazi chochote kabla ya karne ya 20. Hakuna nyumba iliyoyapokea maneno hayo kwa mpangilio huo. Ukimwambia muumini "hii ndiyo asili", unampa kitabu ambacho babu zake hawakukiona.

Wataalamu wengi pia wanaiona kanda ya saba, Uttara, na sehemu kubwa ya kanda ya kwanza, Bala, kuwa zimeongezwa baadaye. Ushahidi uko wazi hata kwa msomaji wa kawaida. Mwishoni mwa kanda ya sita kuna beti zinazotangaza thawabu za kuisikiliza Ramayana, na beti za namna hiyo huwekwa mwisho wa kitabu. Halafu ndani ya Mahabharata, utenzi mwingine mkubwa wa Kihindi, kwenye sehemu ya msituni, kuna Ramayana fupi ya beti 700 na kidogo. Rama anatawazwa na kisa kinaishia hapo, bila Sita kufukuzwa na mumewe kama ilivyo Uttara. Na hakuna moto pia: upepo, moto na maji vinamtolea Sita ushahidi kwa maneno tu, basi. Kwa hiyo anayedai kila Ramayana ya kale ina jaribio la moto, hilo halipo.

Raghu wa Makupa:

Namshukuru Mwalimu. Mimi ni Mhindu, na nitajibu upande wa imani, maana hapa watu hukisia mno.

Kwetu maandiko yana daraja. Veda ndiyo yaliyosikiwa, hayo hayabadilishwi hata sauti. Ramayana iko katika daraja la yaliyokumbukwa. Kumbukumbu inaruhusiwa kuwa na wasimuliaji wengi. Mtu akinionyesha Ramayana mbili zinazopishana hajanionyesha kosa katika msingi wa dini yangu, kwa sababu msingi haujajengwa hapo.

Pili, mapokeo yenyewe yanalijua jambo hili na yanalitaja ndani ya kisa. Katika Adhyatma Ramayana, kitabu cha Kisanskriti ambacho Tulsidas alikitegemea sana, Rama anataka kumwacha Sita nyumbani. Sita anatoa hoja kadhaa, na mojawapo ni hii: Ramayana nyingi zimesimuliwa na wahenga wengi, je, iko hata moja ambamo Rama alikwenda msituni bila Sita? Mhusika anatumia matoleo mengine kama ushahidi! Anayesema Wahindu hatujui kwamba kisa chetu kina matoleo asome hapo.

Tatu, Tulsidas anasema wazi mwanzoni mwa kitabu kwamba Rama alishuka katika vipindi tofauti vya ulimwengu, na kwa hiyo wahenga wamemwimba kwa namna tofauti. Asikilizaye asitie shaka. Kipindi kimoja kama hicho, kalpa, ni miaka 4,320,000,000. Anasema pia kwamba Hari, yaani Vishnu, hana mwisho na kisa chake hakina mwisho. Mimi naliamini hilo kwa moyo wote. Sisemi ili nishinde mjadala.

Na imani hii haikai kichwani tu, inasomwa kwa sauti. Kwa wanaotaka kujua inavyofanyika: Ramcharitmanas ina mafungu 1,074, kila fungu ni mistari ya chaupai, aina ya ushairi, inayofungwa na doha, ubeti mfupi wa mistari miwili, na ndiyo tunayoyahesabu. Balakand ina 361, Ayodhyakand 326, Aranyakand 46, Kishkindhakand 30, Sundarkand 60, Lankakand 121, Uttarkand 130. Kuisoma kwa siku 30 ni wastani wa mafungu 36 kwa siku. Kwa siku 9, kama wafanyavyo wengi kuelekea sikukuu ya kuzaliwa Rama, ni kama 119 au 120. Chapa za Gita Press ya Gorakhpur zina alama za vituo vya siku 9 na vya siku 30, kwa hiyo huhitaji kupiga hesabu.

Akhand path, usomaji wa saa 24 bila kukatisha, ndio unaohitaji mpango. Mnatakiwa kumaliza mafungu 45 hivi kila saa. Saa 12 zikitimia muwe kama fungu la 176 la Ayodhyakand, maana kanda mbili za kwanza peke yake zimebeba karibu theluthi mbili ya kitabu. Wengi huharibikiwa kwenye kibwagizo: mnachagua ubeti mmoja wa kurudia kila baada ya doha, na mnasahau kwamba mmeongeza marudio zaidi ya elfu. Kibwagizo kiwe kifupi, au punguzeni, mkirudie mwishoni mwa kila kanda. Pia msidanganyike na uchache wa mafungu ya Lankakand. Kuna beti ndefu za vita mle zinazokula muda.

Kaskazi77:

Ndugu Raghu, nimekuelewa, na nakuheshimu. Lakini kwa msikilizaji wa nje hoja ya kalpa inaonekana kama mlango wa nyuma: tofauti yoyote ikitokea unasema ni kipindi kingine. Sasa pale ambapo matoleo yanapingana katika maadili yenyewe, si katika matukio tu?

Bintiye Kusi:

Hapo umegusa penyewe, Kaskazi77. Tusiishie kwa Valmiki na Tulsidas. Kuna waliokisimulia kisa hiki kwa makusudi ya kupinga.

Wajaini kwanza. Ramayana ya Vimalasuri, iliyotungwa kwa Kiprakriti, inaanza na mfalme Shrenika akiuliza maswali magumu kuhusu hadithi zinazovuma. Inakuwaje nyani wayashinde mazimwi yenye nguvu? Inakuwaje Kumbhakarna, nduguye Ravana, alale nusu mwaka, amiminiwe mafuta masikioni, akanyagwe na tembo, asiamke? Anajibiwa kwamba hayo ni uongo wa watungaji wapumbavu, kisha anasimuliwa kisa "sahihi". Humo Ravana si zimwi, ni mfalme wa ukoo wenye elimu za ajabu. Vichwa 10 vinapata maelezo: alipokuwa mtoto alivaa mkufu wa vito, uso wake ukaakisiwa mara 9.

Tena kwao Rama hamuui Ravana. Anayemuua ni Lakshmana. Sababu iko katika mafundisho: kwa Wajaini shujaa wa daraja la Rama hamwagi damu, ndiyo maana mwishoni anapata ukombozi, na Lakshmana aliyeua anakwenda jehanamu, kama Ravana. Angalia hapo, Mtunza Hati. Kanuni yako ya "je, Rama anajua ni Mungu" haitoshi, kwa sababu kwa Wajaini hakuna Mungu wa kushuka. Swali lao ni je, mtu mwema anaweza kuua.

Wabudha nao, katika Jataka ya 461, wana Rama asiye na Ravana kabisa. Mji ni Varanasi, uhamisho ni miaka 12 upande wa Himalaya, na Sita ni dada yake. Kisa kizima kinaelekea kwenye jambo moja: habari ya kifo cha baba inapofika, wengine wanazimia kwa kilio, Rama ametulia na anafundisha kwa nini kulia hakumrudishi aliyekufa. Baadaye nduguye anatawala kwa niaba ya viatu vya majani vya Rama vilivyowekwa kitini. Wakitoa hukumu isiyo ya haki, viatu vinagongana. Na Rama huyo, kwa Wabudha, ndiye Buddha katika maisha yake ya awali.

Kuhusu maadili, kuna sehemu mbili ambazo muumini hawezi kuzipita kwa haraka. Rama anampiga Vali, kaka wa Sugriva, mshale akiwa amejificha, wakati Vali anapigana na mtu mwingine. Valmiki hakufunika jambo. Vali akiwa anakata roho anamshtaki Rama kwa hoja moja baada ya nyingine, na majibu ya Rama yamewasumbua wafafanuzi karne kwa karne. Sehemu ya pili iko Uttara: Rama anamuua Shambuka, mtu wa tabaka la chini, kwa kosa la kufanya ibada ya kujinyima. Tulsidas kakiacha kisa hicho, na kaacha pia Sita kufukuzwa akiwa mjamzito. Uttarkand yake imejaa mazungumzo ya kunguru Kakabhushundi na Garuda, ndege wa Vishnu, kuhusu ibada. Kuacha nako ni msimamo.

Bhavabhuti, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 8, alifanya kinyume. Alikichukua kisa cha kufukuzwa Sita akakiweka jukwaani, lakini akakimaliza kwa Rama na Sita kurudiana, ilhali kwa Valmiki ardhi inapasuka na kummeza Sita. Na Bengal, karne ya 16, mwanamke aitwaye Chandrabati alitunga Ramayana inayomfuata Sita kuliko Rama, na inamlaumu Rama waziwazi. Kusini, mwaka 1956, Periyar na wafuasi wake walichoma picha za Rama hadharani huko Madras, wakimsoma Ravana kama mfalme wa Wadravidi, watu wa kusini mwa India, aliyeonewa. Kwa hiyo jibu langu kwako: ndiyo, yanapingana kimaadili, na waliopingana walijua wanachokifanya.

Raghu wa Makupa:

Dada Bintiye Kusi, yote uliyosema ni kweli na sitayakwepa. Shambuka ni jambo zito. Wapo Wahindu wanaosema Uttara imeongezwa, kwa hiyo haiwahusu. Mimi naona njia hiyo ina bei yake. Chukua jamii ya Lohana, ambao wako wengi Kenya, Uganda na Tanzania: kwa mapokeo yao ni uzao wa Lava, mwana wa Rama. Kuzaliwa kwa Lava na pacha wake Kusha kunasimuliwa ndani ya Uttara hiyohiyo. Huwezi kuitupa kanda kwa ajili ya Shambuka halafu ukaifungua tena kutafuta ukoo.

Msimamo wangu, na sidai ni wa Wahindu wote: namwabudu Rama wa Tulsidas, na namsoma Valmiki nikijua kwamba anaandika habari za mtu aliyebeba uzito wa ufalme na akakosea watu. Siwachanganyi. Ninapoomba, naomba kwa mmoja. Ninapojadili haki, nafungua kwa mwingine.

Kaskazi77:

Hilo limenikaa, ndugu yangu. Asante.

Naomba basi mtusaidie na vitu vidogo vinavyorudiwa kila mahali. Ule mstari aliouchora Lakshmana chini, Sita asiuvuke. Na Shabari kuonja matunda kabla ya kumpa Rama. Na Ahalya aliyegeuzwa jiwe. Viko wapi?

Mwalimu wa Beti:

Mstari wa Lakshmana haupo kwa Valmiki. Ajabu ni kwamba kwa Tulsidas pia haupo pale unapoutarajia, kwenye Aranyakand Sita anapotekwa. Unatajwa mbele sana, Lankakand, Mandodari anapomsuta mumewe Ravana kwamba hata mstari mdogo aliouchora mdogo wake Rama alishindwa kuuvuka. Usipofika huko utasema haumo kabisa.

Shabari kwa Valmiki anamkaribisha Rama kwa matunda ya msituni aliyoyakusanya. Kuyaonja kwanza ajue matamu ni simulizi ya baadaye, ya mapokeo ya mapenzi kwa Mungu, na imependwa kwa sababu inavunja mwiko wa masazo.

Ahalya kwa Valmiki haonekani na viumbe, anaishi kwa hewa, amelala majivuni. Jiwe ni la watunzi waliofuata.

Kamban, aliyetunga kwa Kitamil karne ya 12, anampeleka Ravana akimwinua Sita pamoja na kipande cha ardhi aliposimama, asimguse mwili. Kwa Valmiki anamshika nywele kwa mkono mmoja na mapaja kwa mwingine. Krittivas wa Bengal, karne ya 15, ana Rama akimwabudu Durga, mungu wa kike, kwa maua 108 ya yungiyungi la buluu. Moja linakosekana, Rama anataka kutoa jicho lake lijaze nafasi. Kwa Wabengali ibada ya Durga ya majira ya vuli imefungamana na tukio hilo, na kwa Valmiki halipo.

Hata tarehe ya Diwali. Valmiki anasema miaka 14 ilipotimia Rama alifika kwa mhenga Bharadvaja siku ya tano ya nusu mwezi. Diwali inaangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Sikukuu ni ya kweli na imani ni ya kweli, ila ushahidi wake usiutafute kwenye ubeti huo.

Bintiye Kusi:

Niongeze ya bahari yetu, kwa sababu wengi hawajui kwamba Waislamu nao wameisimulia Ramayana. Kwa Wamalei kuna Hikayat Seri Rama. Humo Nabii Adam ndiye anayemwona Ravana akijitesa kwa ibada na kumwombea kwa Mwenyezi Mungu apewe utawala, kwa sharti kwamba atawale kwa haki. Anapovunja sharti ndipo anapoanguka. Na pwani ya Malabar, Kerala, kuna Ramayana ya Wamapila, nyimbo za Waislamu ambamo Rama anaitwa Laman, Ravana ni sultani, na Shurpanakha, dada yake Ravana, anajadili ndoa kwa kutaja sharia.

Huko Thailand mfalme Rama wa Kwanza aliagiza kutungwa Ramakien mwaka 1797. Hanuman wa kule anapenda wanawake, na amezaa na Suvannamaccha, binti wa Ravana aliye nusu samaki. Mhindu wa kaskazini, ambaye Hanuman wake hakuoa wala hakugusa mwanamke, akisikia hivyo anashtuka. Ni haki yake kushtuka, na ni haki ya Mthai kumpenda wake.

Kaskazi77:

Swali la mwisho. Anayeanza leo, asiyejua Kisanskriti wala Kihindi, aanzie wapi ili asichanganyikiwe?

Mtunza Hati:

Kwanza nikubali nyongeza ya Bintiye Kusi: kwa Wajaini na Wabudha swali langu halitoshi, linafaa kwa matoleo yanayomwona Rama kuwa Vishnu.

Kuhusu kuanza, usianze na kitabu kizima. Chagua matukio matano: Ahalya, kutekwa kwa Sita, kifo cha Vali, moto, na mwisho wa Sita. Chukua Valmiki mmoja na Tulsidas mmoja. Soma tukio la Ahalya kwa wote wawili siku hiyohiyo, andika kanda, sura, chapa na nani anasema nini, kisha nenda la pili. Matukio matano ukiyamaliza hivyo, Kamban, Krittivas na Wajaini watakuingia bila shida, kwa sababu utakuwa unajua pa kutazama.

Kwa Kiingereza, tafsiri ya Robert Goldman na wenzake, juzuu 7 kuanzia 1984 hadi 2017, na ile ya Bibek Debroy ya 2017 zinafuata Baroda, kwa hiyo sura ni 606. Ya Griffith ya karne ya 19 ipo bure mtandaoni na ndiyo inayosambazwa sana, lakini aliiacha Uttara na kuruka sehemu nyingine. Watu wengi wanaobisha kwamba Sita hakufukuzwa wamesoma hiyo tu. Kwa Tulsidas, angalia kama kitabu chako kina kanda ya nane ya Lava na Kusha. Zipo chapa za sokoni zilizoiongeza, na si ya Tulsidas.

Epuka masimulizi ya kurasa 200 au 300 yasiyosema yanamfuata nani. Mengi yanachukua mstari wa Lakshmana hapa, jiwe la Ahalya pale, na kufukuzwa kwa Sita kutoka kwa Valmiki, kisha yanaandika "Ramayana ya Valmiki" juu ya jalada. Tamthilia ya televisheni ya Doordarshan ya 1987 na 1988 nayo ilichanganya matoleo mengi, ila yenyewe ilisema hivyo mwanzoni. Wanaoitazama ndio wanaosahau.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa kwenye masomo ya historia insha ya A. K. Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana, baada ya malalamiko kwamba inawaumiza waumini. Nalitaja kwa sababu mtu akisoma matoleo haya atakutana na hasira, hata humu. Akutane nayo akiwa na namba ya sura mkononi na akijua anayezungumza naye anaabudu Rama yupi. Raghu ametuambia wake. Anayetaka kumjibu aanzie kwenye Ramcharitmanas, Aranyakand, pale Sita anapoingia motoni kabla Ravana hajafika.